Nyumba Haina Mtu

Sehemu ya tisa

Mliokuwa nami juma lililopita mnajua nilivyowaacha: nimesimama kwenye korido na bisibisi mkononi, themostati yetu ya zamani imeungua, na wifi yangu yuko kwenye simu ananiambia kwamba mama yao akipata hata mafua, atakayeulizwa ni mimi.

Kwa ambaye ndiyo kwanza anaufungua ukurasa huu, nisimwache njiani. Mama mkwe wangu alipigwa na kiharusi miezi saba kabla ya siku hiyo. Upande wote wa kulia ukafa ganzi. Akaletwa kwetu kwa sababu nyumba yetu ina hita kila chumba, na daktari alishasema mama huyu na baridi wasikutane. Nikaacha kazi yangu ya ushonaji ili nimuuguze. Hakuna aliyenilazimisha.

Themostati ni kile kidude cha ukutani kinachoiambia hita iwake au izime. Kikifa, hita zote zinabaki mapambo. Na msimu wa baridi ulishaanza.

Nimeshawasimulia mengi humu, mengine mpaka mwenyewe nacheka nikiyaandika. Hili la leo silicheki.

Jumamosi asubuhi wifi alikuja kukaa na Mama, mimi na mume wangu tukaenda dukani. Mume wangu ni fundi wa lifti, na mtaani wanamwita hivyo hivyo, Lifti. Ni mtu wa maneno machache. Ukimwona amesema sentensi tatu mfululizo, ujue kuna jambo.

Muuzaji alitupangia vidude vitatu juu ya kaunta.

"Hiki cha kuzungusha. Ukizungusha huku joto linapanda, ukizungusha huku linashuka. Basi, hakina maneno."

"Na hiki?"

"Cha vitufe. Unakipangia saa za kuwaka na za kuzima, wiki nzima."

Akakishika cha tatu kwa mikono miwili. Cheusi, kioo kitupu, hakina hata kitufe.

"Hiki kinatumia Wi-Fi. Kinaongea na simu yako. Uko sokoni, uko kazini, uko popote, unaona nyumbani kuna joto kiasi gani. Unapandisha, unashusha. Na kinajifunza, mama. Baada ya wiki mbili kinawajua kuliko mnavyojijua."

"Kinijue mimi, nimekikosea nini?" Lifti akasema.

Simu yake ilikuwa juu ya kaunta, sauti iko wazi, na wifi alikuwa anatusikiliza toka nyumbani. Akadakia hapo hapo.

"Chukueni cha kuzungusha! Mama anataka joto, hataki kompyuta. Mnanisikia?"

"Tunakusikia, dada."

"Mkeo anasikia?"

"Nasikia, wifi," nikasema, kwa ile sauti tamu ambayo wanaonijua wanaiogopa.

Muuzaji alikuwa mtu wa haki, siwezi kumsingizia. Aliniuliza swali la maana kuliko yote.

"Mchana nyumbani huwa kuna nani?"

"Mimi. Nipo siku zote."

"Basi cha simu cha nini? Kama upo siku zote, utainuka tu uzungushe."

Nikaubana mkoba wangu kwapani. Humo ndani, kwenye simu, kulikuwa na ujumbe wa siku mbili ambao sikuwa nimemwonyesha mtu. Ulitoka kwa Bi Mkasi, mkuu wa karakana nilikokuwa nashona. "Mkata vitambaa ameondoka. Meza ya kukatia iko wazi. Nikusubiri au nimpe mwingine?"

Miaka kumi na moja niliitamani ile meza. Kuna watu hutamani nyumba, wengine hutamani kusafiri. Mimi nilitamani kusimama mbele ya kitambaa kilichotandazwa, chaki mkononi, wanawake ishirini nyuma yangu wakisubiri nikate ndipo washone.

Msidhani tulikuwa na dhiki. Mshahara wa Lifti ulitutosha. Nilichokosa ni pumzi. Miezi saba ya kugeuza mtu kila baada ya saa mbili, kupika uji, kufua mashuka, kusikia saa ya ukutani. Nilimpenda Mama, na kuna asubuhi nilijifungia bafuni nikauma taulo nisisikike. Yote mawili ni kweli.

Nikapiga hesabu yangu ya kijinga. Kwa kidude kile ningeweza kutoka saa tatu, niangalie joto la Mama kupitia simu, nirudi saa saba kumlisha, nitoke tena kidogo, nirudi kabla Lifti hajarudi. Hakuna ambaye angejua.

"Nataka hiki cha simu," nikasema. "Nikiwa jikoni, nikiwa uani, nitaona chumba cha Mama kina joto gani. Sitakuwa naingia na kutoka kumwamsha."

"Uongo mtupu!" wifi akapiga kelele kwenye simu. "Jikoni na chumba cha Mama ni hatua nne!"

Lifti alinitazama kidogo, kisha akamjibu dada yake.

"Dada, anayekaa na Mama ni mke wangu. Anachotaka yeye ndicho tutakachochukua."

Maneno hayo yananirudia mpaka leo nikiwa naosha vyombo.

Kufunga kile kidude tuligawana kazi. "Waya ni zangu, simu ni yako," Lifti akasema, akapanda kistuli. Mimi nikakaa chini na simu.

Simu ya kwanza kuunganishwa ndiyo inayokuwa ya mwenye nyumba. Ikaniuliza: jina la mwenye nyumba? Jamani, niandike langu? Mita ya umeme ina jina la Lifti, barua zote zinakuja kwa jina la Lifti, hata ukoo mzima ukija wanasema tunakwenda kwa Lifti. Nikaandika jina lake. Simu yangu mimi, jina lake yeye. Hata sikufikiri mara mbili.

Ikasema: ongeza mkazi, weka namba ya simu. Nikaiweka simu ya Lifti, ikawa mkazi wa pili.

Ikauliza: kuna mkazi mwingine?

Mama hakuwa na simu. Wifi aliichukua tangu hospitali kwa sababu watu walikuwa wanapiga kumlilia, na yeye anaishia kuwabembeleza. Nikajaribu kuruka bila kuweka namba, kikakataa. Nikabonyeza "Hakuna".

Mlango wa Mama ulikuwa wazi, ametuelekea. Kiharusi kilimvunja ulimi lakini utani kiliuacha mzima.

"Huyo wifi mpya," akasema taratibu, neno moja moja, "anakula nini?"

"Umeme tu, Mama."

"Afadhali huyo. Yule mwingine anatutafuna wote."

Lifti nusura aanguke kwenye kistuli kwa kicheko. Wifi alikuwa uani, hakusikia. Mungu ni mwema wakati mwingine.

Jumatatu, Lifti aliondoka saa kumi na mbili asubuhi kama kawaida yake. Nikamwogesha Mama, nikamlisha, nikamgeuza upande wa ukuta, nikamfunika. Saa tatu nikamwambia nakwenda kushona chumba cha nyuma. Sikumwambia natoka. Hilo nalo liandikeni.

Sijafika hata mwisho wa mtaa, simu ikatetemeka.

"Wakazi wote wametoka. Nyumba haina mtu. Nizime joto?"

Kidude kilihesabu simu tu, na Mama hana simu. Chini ya ujumbe, vitufe vitatu. Ndiyo. Hapana. Usiulize tena.

Nikabonyeza Hapana, nikaendelea kutembea. Dakika haikupita, Lifti akapiga.

"Umetoka? Kuna ujumbe umekuja kwenye simu yangu."

"Nimetoka kutupa taka mara moja."

"Sawa."

Kumbe ule ujumbe ulikuwa unakuja kwake pia! Hilo muuzaji hakulisema, au alilisema nikiwa nafikiria chaki.

Jumanne, saa ile ile, akapiga tena. "Umetoka?"

"Chumvi imeisha."

Jumatano hakuuliza haraka. Alivuta pumzi kwanza. Nyuma yake nilisikia vyuma vinagongana kwenye shimo la lifti.

"Mke wangu, kama unataka kutoka mchana, niambie tu. Nitamwomba dada aje siku mbili tatu. Au nitafute mtu."

Mlango ndio huo umefunguliwa. Ningeingia, leo nisingekuwa na la kuwaandikia. Lakini nikamwona wifi sebuleni kwangu, anakagua mashuka, anapitisha kidole juu ya kabati, ananiuliza hiyo karakana ina nini kinachomshinda mama yake. Kiburi kikanipanda.

"Nitoke niende wapi?" nikamjibu. "Hicho kidude chako kina wazimu. Nimesimama hapa mlangoni tu."

"Cha kwangu tena?"

Akacheka. Alinicheka kwa upendo, mimi nimesimama mbele ya lango la karakana.

Alhamisi nikabonyeza "Usiulize tena".

Mimi nilielewa hivi: kisiulize, kiache joto lilivyo, kifunge mdomo. Ndiyo maana ya maneno hayo kwa mtu yeyote mwenye akili timamu. Chini yake kulikuwa na maandishi madogo ya kijivu, mistari miwili. Sikuyasoma. Nilikuwa katikati ya barabara, nimechelewa, na nilichotaka ni mume wangu asijue.

Kumbe maana yake ilikuwa: usiulize tena, zima mwenyewe.

Nikawa natoka, hita zinazima. Nikirudi saa saba, simu yangu ikikaribia mlango, zinawaka. Mimi kila nikiingia nazikuta zinanguruma, nasema moyoni, mashine nzuri hii. Siku zile jua lilikuwa linachungulia, nyumba haikuwa inapoa sana.

Siku moja nikimlisha uji, Mama akasema, "Asubuhi palikuwa na baridi."

"Ni mwili wako tu, Mama. Damu haitembei upande huu."

Akafungua mdomo nimwekee kijiko kingine. Hakuwa mtu wa kubishana.

Siku kumi na moja zikapita hivyo.

Siku ya kumi na mbili mbingu ilishuka. Mvua ya mawe, upepo, watu wanatembea wamejikunja. Saa saba nilivua aproni nirudi nyumbani, Bi Mkasi akanizuia mlangoni.

"Unakwenda wapi? Lori la sare linaondoka saa kumi. Mashati mia mbili hayana kola!"

"Nina mgonjwa, Bi Mkasi."

"Si ulisema una mashine inayomwangalia?"

Nilisema. Tena nilijitapa. Nilishawazungushia simu yangu wanawake wote wa karakana, tazameni nyumba yangu ilivyo na akili. Na pale nikaitoa tena nimwonyeshe. Kioo kilikuwa na jani la kijani na maneno: "Hongera! Leo umeokoa umeme mwingi." Namba ya joto ilikuwa ukurasa wa pili, sikuufungua.

"Unaona?" nikamwambia. "Kila kitu sawa."

Nikarudi mezani nikakata kola.

Nilifika nyumbani saa kumi na moja jioni. Niliposhika kitasa, hita zikaanza kunguruma, kama kawaida. Ila nilipovuta pumzi ya kwanza ndani, mvuke ukatoka mdomoni mwangu.

Sikumbuki kuvua viatu. Blanketi lilikuwa sakafuni. Mama alikuwa amelivuta kwa mkono mmoja, ule mzima, akashindwa, likamteleza. Ncha yake bado alikuwa ameishika. Midomo ilikuwa na rangi ambayo sitaki kuitaja.

"Mama! Mama!"

Macho yakafunguka nusu.

"Nilikuita," akasema.

Hospitali, daktari alitoka baada ya muda akiwa na uso wa kazi.

"Mwili umepoa kupita kiasi, na mapafu nayo yameingia maji. Umri wake na hali yake mnazijua. Alikaa kwenye baridi kwa saa ngapi?"

Wifi alishafika, kilemba kiko upande, analia na kuhema. Lifti alikuwa na grisi mpaka viwikoni.

"Ulikuwa wapi?" wifi akaniuliza. "Nijibu mimi. Ulikuwa wapi?"

"Nyumbani," nikasema.

Uongo una wepesi wa ajabu ukishauzoea. Nikaendelea mwenyewe bila kuulizwa.

"Nilimlisha saa saba, akalala. Nikarudi chumba cha nyuma kushona. Pale pana pasi, pana moto, sikuhisi chochote. Kumbe huku mbele hita zimezima."

Lifti akanishika bega. "Si kosa lako."

"Ni kile kidude!" wifi akasema. "Nilisema mimi! Nilisema cha kuzungusha!"

Nikainamisha kichwa. Walidhani nalia kwa huzuni. Nililia kwa nafuu, Mungu anisamehe.

Kesho yake asubuhi Lifti alimpigia muuzaji. Sijawahi kumsikia akiongea vile.

"Njoo uone ulichotuuzia. Usipokuja, nakifuata mwenyewe hapo dukani."

Muuzaji alikuja, na mkoba wake, mnyonge. Tulikuwa wanne kwenye ile korido: yeye, Lifti, wifi na mimi. Akakigusa, akakichomeka waya, akasoma. Akasoma tena.

"Kifaa hakina kosa," akasema.

"Unasema nini?" wifi akageuka mbogo. "Mama yangu anapumulia mashine, wewe unasema kifaa hakina kosa?"

"Kifaa kimefanya kilichoambiwa, dada. Kinatunza kumbukumbu ya kila kitu. Tazama mwenyewe. Jana, saa tatu na dakika kumi asubuhi: wakazi wote wametoka, joto limezimwa. Kabla ya hapo, Alhamisi ya wiki ile..." Akasogeza kidole. "Simu ya mwenye nyumba imechagua usiulize tena, zima joto wakazi wakitoka."

"Simu ya nani?"

"Ya mwenye nyumba. Na jina lake hili hapa."

Akaligeuza. Sote tukaliona jina la Lifti.

Hapo ndipo nilipokumbuka nilichoandika siku ile nikiwa nimekaa chini. Niliandika kwa heshima, jamani. Kwa mazoea.

Wifi alimgeukia mdogo wake polepole.

"Wewe?"

Lifti alisogea karibu na ukuta. Alikuwa anakitazama kile kioo. Yeye hutoka saa kumi na mbili, saa tatu anakuwa ndani ya shimo la lifti upande wa pili wa mji. Niliona anavyopanga vipande kichwani: taka, chumvi, mlangoni tu. Kisha akaniangalia.

Miaka tisa ya ndoa, hakuwahi kuniangalia vile. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyeingia chumbani kwake akakuta vitu vimehamishwa.

Muuzaji naye akanitazama. "Mama, siku ile dukani si nilikuuliza mchana huwa kuna..."

"Ni mimi," Lifti akasema.

Muuzaji akaanza kukunja waya wake.

"Ni mimi, dada. Ule ujumbe ulikuwa unanisumbua kazini. Nikabonyeza usiulize tena, sikusoma."

"Na wakazi wote wametoka? Mkeo si alikuwa humu ndani?"

"Alikuwemo. Simu yake nilikuwa nayo mimi. Kioo kilikuwa kinagoma, nikaichukua nimpelekee fundi. Siku hizi natoka saa tatu, nikawa natoka nazo zote mbili."

Ziko sentensi nyingi ambazo ningeweza kuzisema hapo. Hata moja tu, fupi. Nilisimama nimeegemea ukuta, ulimi wangu mzima, pande zote mbili za mwili wangu nzima, nikanyamaza.

Wifi alimpiga kofi. Mdogo wake, mtu mzima, fundi mwenye mvi mbili. Kisha akamwambia kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Usikanyage wodini. Nikikuona karibu na kitanda cha Mama, nitaita walinzi. Umemgandisha mama yetu kwa sababu simu ilikuwa inakusumbua."

Akanigeukia mimi. Nikajua yamenifika. Badala yake akanikumbatia, akanibana mpaka kifungo chake kikaniingia shavuni.

"Nisamehe, wifi," akasema. "Miezi saba nilikuwa nakutazama kwa jicho baya. Kumbe mtoto wa Mama ni wewe."

Walipoondoka, nilimkuta Lifti jikoni, maji yanatiririka bombani, hana anachoosha.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Angekutoa humu ndani leo leo. Unamjua." Akafunga bomba. "Mimi nilidhani hawezi kunifukuza. Ni mama yangu."

"Nitamwambia ukweli."

"Ungeniambia mimi kwanza. Nilikuuliza, mke wangu. Nilikuuliza vizuri kabisa."

Akatoka uani, akavuta mlango nyuma yake.

Siku mbili zilizofuata alikwenda hospitali asubuhi na mchana, akaishia kwenye benchi la nje, karibu na lango. Wifi alishawaambia wauguzi. Mimi nilipita mbele yake nikiwa na chupa ya uji, naingia, natoka, nampa habari. Leo amefumbua macho. Leo homa imepanda. Anaitikia kwa kichwa, ananiuliza kama miguu ya Mama imefunikwa.

Kila nikiingia najiambia, nikitoka nitasema. Nikitoka najiambia, Mama akipata nafuu nitasema.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, daktari alitufuata kwenye korido ya wodi.

"Hatutamzuia tena asiende," akasema. "Amechoka. Aliye wa karibu naye aingie sasa. Mmoja tu, amepungukiwa pumzi, msimsonge."

Nilimtazama wifi. Huyu ndiye binti wa tumbo lake, zamu ilikuwa yake. Alikuwa ameshika ukuta kwa mikono miwili.

"Siwezi kumwona hivyo," akasema. "Ingia wewe. Wewe ndiye uliyemwosha, wewe ndiye uliyemlisha. Ingia, wifi."

"Wifi, Lifti yuko nje pale..."

"Usinitajie!"

Nikaingia. Nimeahidi kusema kweli, basi kweli ndiyo hiyo. Mume wangu alikuwa kwenye benchi, kwenye jua lisilo na joto, nami nikaingia mahali pake.

Mama alikuwa mdogo kitandani, mdogo sana. Macho yamefumbwa. Nikavuta kiti, nikaushika ule mkono wake mzima.

Vidole vyake vikaanza kutembea juu ya vidole vyangu. Vikafika kwenye sugu la mkasi, pale penye gumba. Miezi saba ile ya kukaa nyumbani lilikuwa limelainika kabisa. Sasa lilikuwa jipya, gumu. Vidole vyake vikasimama hapo muda mrefu.

"Binti yangu," akasema.

"Abee, Mama."

"Umerudi kazini."

Aliuminya mkono wangu kidogo, si kwa ubaya. Kama angekuwa na pumzi ya kutosha, nadhani angenitania.

Kisha akauachia.

"Kijana wangu," akasema. "Mwite."

"Anakuja, Mama."

"Mwite sasa."

Nikainuka. Kutoka kitandani mpaka mlangoni ni hatua kama sita. Nilipoufungua, wifi alikuwa amesimama katikati ya njia, mikono kifuani, macho mekundu, ananisubiri.

"Anasemaje?" akaniuliza.